Makopo Ishirini ya Njugu Mawe

Faksi ilinikuta nimeinamia sinki, naosha chupa. Mkuu wa kituo aliileta mwenyewe, na hiyo haikuwa kawaida yake. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza kuisoma.

Chama cha kimataifa cha wanasayansi wanaochunguza maisha ya vijidudu katika udongo na maji kilikuwa kimeukubali muhtasari wangu. Kingenilipia tiketi ya ndege na mahali pa kulala, niende Ulaya kwenye mkutano wake mkuu nikaeleze utafiti niliofanya.

"Karatasi hii ndiyo itakayotuokoa," mkuu akasema. "Wizarani wakiona jina la kituo chetu kwenye kitabu cha mkutano wa dunia, nani atathubutu kutufunga?"

Nilimwelewa. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na kituo chetu cha udongo kilikuwa majengo mawili tu upande wa Kizota, yamebanwa na karakana za kuchomelea vyuma. Kila Jumatatu mtu alikuja na habari kwamba orodha ya wanaopunguzwa imeshachapwa Dar es Salaam. Tulikuwa tunafanya kazi huku tumetega masikio.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Mizizi ya njugu mawe huota vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wanaoulisha mmea. Nilikuwa nimewatoa bakteria kwenye vinundu bora nilivyovipata, nikawakuza katika chupa. Kisha tukapanda njugu katika makopo ishirini ya rangi yaliyooshwa, yote yakiwa na udongo kutoka shamba la mama mmoja wa Nkuhungu. Makopo kumi nilitia bakteria wangu. Kumi hayakutiwa kitu. Baada ya wiki saba yale yenye bakteria yalikuwa kijani kibichi, na mengine yalikuwa manjano, yamedumaa. Hata mlinzi aliyaona, akaniuliza kama dawa ile nitamgawia ya mahindi.

Kwa ajili ya mkutano nilitaka picha nzuri za kubandika kwenye bango. Kwa hiyo, bila kungoja faksi, nilikuwa nimeshapanda makopo mengine ishirini, safari hii nikijaza udongo kwa mikono yangu mwenyewe. Wiki tatu kabla ya safari nikaenda kuyapiga picha.

Makopo yote ishirini yalikuwa kijani.

Niliyahesabu upya, nikasoma alama moja moja, nikidhani nimezichanganya. Sikuwa nimezichanganya. Nikang'oa mmea mmoja usiotiwa kitu, nikauosha mizizi. Ulikuwa umejaa vinundu. Nikapasua kimoja kwa wembe, ndani kikawa chekundu, ishara kwamba bakteria wamo na wanafanya kazi. Nikang'oa wa pili, nikang'oa wa tatu. Mpaka wa kumi, yote ilikuwa hivyohivyo. Udongo wa yule mama ulikuwa na bakteria wake wenyewe, wazuri sawa na wangu. Hapo swali likawa moja: kwa nini mara ya kwanza makopo kumi yalikuwa manjano?

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kujua. Mara ya kwanza, wiki ya kujaza makopo, mimi nilikuwa nimelala na malaria. Kazi aliifanya fundi wetu wa maabara, mzee wa Kigogo aliyekuwa pale tangu kituo kinajengwa, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika hadubini. Nilimkuta nyuma ya jengo anaanika magunia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, yale makopo ya kwanza. Udongo ulitosha yote?"

Aliendelea kulinyoosha gunia ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Haukutosha," akasema mwishowe. "Gunia moja lilipasuka njiani. Nikajaza yale kumi ya kwanza, uliyokuja kutia bakteria. Yaliyobaki nikachanganya na mchanga, ule wa kujengea, pale ukutani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mgonjwa. Uliporudi tukapanda, nikaona mimea imetoka vizuri, kila mtu anafurahi. Tena watu wanasema orodha inakuja. Ukikosea wakati kama ule, mwanangu, unanyamaza."

Sikumkaripia. Nilisimama pale jua likinichoma shingo, hasira na huruma vikigombana kifuani. Wala hasira haikuwa juu yake tu. Niliporudi kutoka kitandani sikukagua hata kopo moja. Niliona rangi ya majani niliyoitamani, nikakimbilia kuandika muhtasari.

Nilimweleza mkuu ofisini, mlango umefungwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigongagonga kalamu mezani.

"Muhtasari umeshakubaliwa," akasema. "Nani huko Ulaya atakuuliza habari za mchanga?"

"Hakuna atakayeuliza."

"Basi nenda nao hivyohivyo. Ukirudi, rekebisha polepole."

"Mkuu, wakulima wataambiwa wanunue kitu ambacho tayari kimo katika mashamba yao."

Akaiweka kalamu chini. "Dada, hapa kuna watu kumi na mmoja wenye familia. Ukiiharibu safari hii, wewe ndiye utakayewatazama usoni. Na mimi nitatakiwa kueleza ni nani aliyechanganya mchanga. Fikiria hilo pia."

Nilifikiria siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda mjini, ofisi ya simu, nikatuma faksi kwa katibu wa mkutano. Niliandika kwamba matokeo niliyoyatuma si sahihi, udongo wa makopo ulitofautiana, na jaribio la pili limeonyesha jambo jingine. Niliandika kwamba kosa ni langu. Sikumtaja fundi. Niliomba radhi, nikasema nitaelewa wakiifuta nafasi yangu.

Karani akailisha ile karatasi kwenye mashine, ikamezwa taratibu, nami nikaitazama mpaka ncha yake ikatokea upande wa pili. Hapakuwa tena na njia ya kuirudisha.

Jibu lilichukua siku nne. Kila asubuhi nilipita pale dirishani kabla ya kazi, na karani akawa ananitikisia kichwa hata sijafika. Kituoni mkuu hakunisemesha. Fundi alinisemesha kupita kiasi, juu ya mvua, juu ya bei ya sukari, juu ya kila kitu isipokuwa lile jambo. Siku ya tano karani alinyoosha mkono akanipa karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu. Kitabu cha mkutano kimeshachapwa, kwa hiyo muhtasari utabaki kama ulivyo. Hotuba yangu imefutwa. Nije na bango, nianze kwa kueleza kosa, ndipo nieleze nilichokiona baadaye.

Nikakaa kwenye ngazi za ofisi ile, nikalia kidogo, nikapangusa uso, nikarudi kazini.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa mkubwa kuliko soko letu, mabango yamepangwa safu kwa safu. Nilisimama kando ya langu nimevaa koti la mtumba. Bwana mmoja alisoma mistari ya juu, akanitazama, akaenda zake. Wawili wengine wakafanya vilevile. Nilikuwa nimeanza kuutazama mlango alipokuja mama mmoja mtafiti kutoka Amerika ya Kusini, akasoma neno kwa neno, kisha akanibana kwa maswali karibu saa nzima. Hakunisifu. Aliniambia makopo ishirini ni machache mno, nirudie shambani kwenyewe, katika mashamba mengi, ndipo nitajua kama bakteria wa wakulima wanatosha kweli. Akanichorea mpangilio nyuma ya ratiba yangu. Miezi miwili baadaye alinitumia kifurushi cha chupa na vitabu, na kwa miaka iliyofuata kazi yangu yote ilitokana na mchoro ule.

Orodha ilitoka mwezi niliorudi. Kituo hakikufungwa. Watu wanne walipunguzwa, na fundi alikuwa mmoja wao. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu.

"Ni wewe uliyewapa jina lake?"

"Walitaka wanaokaribia kustaafu," akasema bila kuinua macho. Mpaka leo sijui kama alisema kweli.

Fundi alikuja kuniaga akiwa amevaa shati lake la kanisani. Nilimwambia kwamba sikuliandika jina lake popote, wala sikulitamka.

"Najua," akasema. "Laiti ungeliandika jina hilo. Ningelikiri kosa langu mbele ya watu, likaisha. Sasa watu wote wanadhani kosa ni lako."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nimembebea mfuko wake, nikamkabidhi tulipoagana.