Niliitukana Albamu ya Country, Kumbe Mwimbaji ni Baba Mkwe

Jameni, nimekosa! Nimekosa kwa mdomo wangu mwenyewe na hakuna shetani wa kumsingizia. Mtakaonicheka mnicheke polepole, bado naumwa.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga, nauza kava za simu Migori mjini. Lakini mtandaoni nina ukurasa wa kuchambua muziki, na huko hakuna anayenijua. Najiita Sikio la Migori. Kila nikimaliza kumchambua mtu naandika: "Sikio la Migori limesikia, takataka haipiti!" Watu wanacheka, wanashea, kichwa changu kinavimba.

Kukatokea albamu ya country. Mnajua vile huku tunapenda country, hata ng'ombe zetu zinaijua. Mwimbaji ni mzee anayejiita Cowboy wa Ruma, anatunga mwenyewe, anapiga gita mwenyewe. Kwa picha amevaa kofia kubwa na gumbuti. Nikasikiza wimbo mmoja tu. Tena nusu, kwa sababu mteja alikuja!

Nikaandika kwamba albamu nzima ni mbovu. Nikasema gita linalia kama posho mill iliyoishiwa na dizeli. Nikasema mzee anaimba theluji, na theluji pekee anayoijua ni barafu ya kuwekea samaki. Wueh! Nilipata likes mpaka simu ikawa moto.

Wakati huo nilikuwa na Akinyi, msichana wa Magunga, na nilitaka kumuoa hata kesho. Aliniambia baba yake anapenda muziki. Hakusema zaidi, na mimi na mdomo wangu wote huu sikuuliza.

Tukaenda kujitambulisha, mimi na mjomba wangu. Ilikuwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi kwao ni Sabato. Tukala kuku, tukala samaki, mambo matamu. Halafu mzee akaingia chumbani, akatoka na gita na ile kofia. Mungu wangu! Nilitamani kuingia chini ya kiti.

"Kuna mpumbavu mmoja mtandaoni alinivunja moyo," akasema. "Tangu aandike, nilitundika gita. Leo nalishusha kwa heshima ya wageni."

Akaimba wimbo wa pili wa ile albamu, ule mimi sikufika. Ni wa siku Akinyi alizaliwa. Mvua inanyesha, barabara ni matope, naye anamsukuma mama kwa mkokoteni mpaka zahanati. Haki ya Mungu, machozi yalinitoka. Mjomba, mtu wa kulilia ng'ombe tu, alipenga kamasi.

Sasa sikizeni ujinga wangu. Kwa Wajaluo kuna pakruok: muziki ukikolea, mgeni anausimamisha, anajisifu kwa majina yake ya sifa, halafu muziki unaendelea. Akinyi alikuwa amenionya, "Usipojisifu watasema nimewaletea bubu." Basi nikasimama, kifua mbele, utamu umenipanda kichwani.

"Simamisha hapo, baba! Mimi ndiye mkwe wa Magunga, simba wa Kegonga, Sikio la Migori limesikia, takataka haipiti!"

Hata kuku waliobaki huko nje walinyamaza.

Mzee akaweka gita chini. "Hebu rudia hilo la mwisho."

"Lipi, baba?"

"La sikio."

Mjomba tayari alikuwa anatafuta viatu. Akinyi akanigeukia. "Ni wewe? Baba ameacha kuimba, kumbe ni wewe?"

Nikapiga magoti, nikalia kama mtoto. Mzee hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Kijana, nenda nyumbani," akasema. "Nikitoa wimbo mpya utausikiza wote, uje hapa soko la Magunga uuchambue mbele ya watu. Ukinidanganya ndio unifurahishe, msichana simtoi."

Wimbo ukatoka. Ni wangu! Ni wa mjinga aliyemtukana mtu, akala samaki wake, halafu akajitaja mwenyewe. Unapigwa Migori, unapigwa Homa Bay, mpaka wachimba dhahabu wa Masara wanauimba shimoni. Wateja wanaucheza hapa kwangu dukani bila kujua wanamcheka nani.

Nimeusikiza wote tena na tena, nikitafuta kosa moja tu. Hakuna! Gita ni safi, na maneno yote ni ya kweli.

Basi nilisimama soko la Magunga, nikasema: "Huu ndio wimbo mzuri kuliko zote nimewahi kusikia, na huyo mjinga ni mimi." Akina mama wa dagaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Akinyi alijaribu kununa, akashindwa.

Mzee amekubali. Ila harusini tutaingia na wimbo huo huo, mimi nicheze mbele kila mtu anione. Anasema nikikataa, ana mwingine tayari, wa mjomba akikimbia na kiatu kimoja.

Ndugu zangu, sikizeni albamu mpaka mwisho kabla hamjaandika. Na mkienda ukweni, kuleni, shukuruni, mfunge mdomo. Heri uitwe bubu!