Rangi ya Kijani Chini ya Theluji

Wendell Haapala alikuwa fundi bomba wa Hancock, kaskazini mwa Michigan. Kazi yake kubwa ilikuwa kupasha moto njia za miguu: mabomba yanalazwa ndani ya zege, yanajazwa maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, boila inayapasha, na theluji ikitua juu inayeyuka. Alifanya kazi na shemeji yake Arvid, kaka wa mkewe Sylvi. Arvid alikuwa na mikono mizuri na subira haba.

Walipewa kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bibi mmoja alikuwa ameteleza mlangoni, akavunjika nyonga, asirudi tena kutoka hospitalini. Ndipo wakubwa wa nyumba ile wakaona haja ya mabomba.

Wakayalaza, wakayajaza, wakaanza kutoa hewa iliyonaswa ndani. Unafunga koki zote isipokuwa ya mzunguko mmoja wa bomba, pampu inasukuma mpaka mpira wa kurudishia maji uache kutema mapovu kwenye pipa, kisha unahamia mzunguko mwingine. Ule wa mwisho, mrefu kuliko yote, uligoma. Ulikohoa hewa, ukanyamaza, ukakohoa tena. Pipa nalo likakaribia kukauka.

"Nakwenda kuchukua dawa nyingine," Wendell akasema. "Zima pampu, unisubiri."

"Vidole vyangu vishakuwa vya maiti hapa, shemeji."

"Vitie mfukoni. Usiguse kitu."

Aliporudi, pampu ilikuwa inanguruma na mapovu yamekwisha. Mpira ulikuwa umechomoka ukamwaga maji kando ya ukuta, na Arvid alikuwa akipafukia theluji kwa koleo.

"Umeongeza nini?"

"Ilibaki kidogo kwenye gari langu. Imekubali, unataka nini tena?"

Wendell alikuwa amechoka na baridi imemwingia. Hakuuliza zaidi. Wakafunga vifaa, wakaenda zao.

Katika nyumba ile aliishi mjane aitwaye Elna Saarikko, ambaye hakuwa na maneno mengi na mtu yeyote isipokuwa mbwa wake mzee, Muru. Kila siku baada ya chakula alijikongoja kumtoa nje. Siku ile Muru alikwenda moja kwa moja kando ya ukuta, akaramba, akaramba, na Elna akamwacha, kwani tangu lini theluji ikamdhuru mbwa?

Jioni Muru akaanza kuyumba sebuleni, miguu ya nyuma ikipishana. Wazee wakaangua kicheko.

"Elna, umemnywesha nini huyu? Kalewa chakari!"

"Kaiba chupa yako," Elna akajibu, na yeye akacheka.

Asubuhi Wendell alikuja kusawazisha mtiririko, ili kila mzunguko upate maji ya moto sawa na mwenzake. Muuguzi akamsimulia habari ya mbwa mlevi, na kwamba leo hanyanyuki, anatapika tu. Wendell akatoka mbio, akafukua theluji kando ya ukuta kwa mikono. Chini ilikuwa kijani. Dawa yao haikuwa na rangi ile. Hii ilikuwa ya injini za magari, tamu mdomoni, na tumboni ni sumu.

Daktari wa mifugo alimpapasa Muru, akatikisa kichwa. Figo zilikuwa zimekufa. Angeletwa jana jioni, alisema, pengine angepona. Wakamdunga sindano ya kumpumzisha milele.

Arvid alimfuata Wendell garini. "Mbwa mwenyewe alikuwa kikongwe. Tuseme uzee, shemeji. Nani atajua?"

"Mimi."

"Utanitia aibu mji mzima kwa ajili ya mbwa?"

Wendell akampita, akaenda kugonga chumbani kwa Elna. Akamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Kwa hiyo mlikuwa na haraka," Elna akasema.

"Ndiyo, mama. Na mimi niliona kuna kitu, sikuuliza."

"Nami nilimcheka." Akageuza uso dirishani. "Funga mlango, unaniingizia baridi."

Wendell alimwaga maji yote kwenye mapipa ya taka za sumu, akasafisha mabomba, akajaza upya, akatoa hewa peke yake, akikimbia kati ya pampu na koki. Arvid hakuja. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, na Sylvi, akimwekea mumewe chakula mezani, alisema tu, "Ungeweza kulisema vingine."

Mzunguko mrefu ulipotoa maji safi, alibana koki za mizunguko mifupi kidogo kidogo mpaka zege lote likapata joto moja. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, njia ya mlangoni ikabaki nyeusi na yenye unyevu. Wazee wakatoka kunyoosha miguu, wakamsifu fundi.

Elna hakutoka. Muuguzi alimwambia Wendell kwamba sasa hata koti la kutokea nje halivai, chakula anapelekewa kitandani.