Mkataba Umekwama Kinshasa, Mwanvua Anauridhia Nyumba kwa Nyumba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mwanvua Ramazani anavua ndara zake, anazishika mkononi na kuingia ndani ya mtumbwi upande wa Alunguli. Mto umeugawa mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, sehemu mbili. Yeye analala ng'ambo hii, kazi yake iko ng'ambo ile. Kwenye mtumbwi wamo wanawake wengine sita, na wote wanaelekea kwenye majiko ya watu wengine.

Kabla jua halijatoka vizuri ameshainama mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, nyuma ya nyumba moja ya matofali mtaani Kasuku. Anapepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Chai ya watoto kwanza, halafu maji ya kuoga ya baba mwenye nyumba, halafu sombe, majani ya muhogo, ya kutwanga. Nguo zinamngoja ndani ya beseni.

Atarudi Alunguli giza likiingia. Kesho vilevile. Jumapili vilevile, tena Jumapili ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu wageni wanakuja kula.

Mwanvua ana miaka thelathini na tisa. Tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hajawahi kupata siku nzima ya kupumzika, ukiondoa wiki aliyomzaa binti yake Sharifa. "Na ile wiki," anasema huku akicheka, "mwanamuke gani ataiita mapumuziko?"

Anachotaka kinasemeka kwa pumzi moja. "Nataka siku moja. Muzima. Ijumaa. Sitaki zaidi."

Ombi hilo dogo lina mkataba wake wa kimataifa. Ulipitishwa Geneva mwaka 2011, na unasema kwamba anayefanya kazi nyumbani kwa mtu ni mfanyakazi kama wengine, na kwamba kila wiki anastahili saa ishirini na nne za mapumziko, za kufuatana. Nchi kadhaa za Afrika zimekwisha kuuridhia. Kongo bado. Makala haya yanaandikwa mkataba ungali Kinshasa, na Kindu hakuna anayejua uko mezani kwa nani.

Zéphirin, wa chama kimoja cha wafanyakazi mjini, ndiye aliyewasomea wanawake hawa mkataba huo kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa parokia. Siku hiyo aliahidi kwamba serikali ingeuridhia mwaka huohuo.

"Mwaka ule nilisema, mwaka huu. Mwaka uliofuata nikasema, mwaka huu," anasimulia. "Sasa nikipita soko wananiita Papa Mwaka-Huu."

Anacheka, lakini jina hilo halimfurahishi. "Sheria ya kazi iko, sikatai. Lakini inspekteri anaingia ku ofisi, anaingia ku duka. Ku jiko ya mutu ataingia namna gani? Atabisha hodi kwa nani? Tukiratifia ule mukataba, jiko nayo itakuwa pahali ya kazi."

Ukweli usemwe: inaudhi. Waheshimiwa wa Kinshasa wana watu wa kuwapikia na kuwafulia. Kila siku wanayochelewa kuweka saini wanakula chakula ambacho mpishi wake hana Jumapili wala Ijumaa.

Mwanvua hakuja Kindu kutafuta kazi. Mwaka 1999, vita vikiwa vimeshaukumba mkoa wa Maniema, alitembea na mama yake kutoka Kibombo wakifuata reli ambayo treni zake zilikuwa zimenyamaza. Mjini mama yake alimwacha kwa Mama Espérance, mke wa karani wa reli. Maneno ya makubaliano yalikuwa machache: mtoto atakula, na atasaidia kazi. Kisha mama akarudi Kibombo kuangalia shamba la mpunga, akasema atakuja baada ya mavuno.

Hakuja. "Sijui alikufia wapi," Mwanvua anasema. "Sijui hata kama alifika."

Mwaka 2002 mji ulizingirwa na wapiganaji, chakula kikawa hakiingii. Mwanvua alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyetumwa kuvuka mto kutafuta majani ya muhogo, wakati watu wazima waliogopa hata kukaribia bandari.

"Mama Espérance alikuwa anasema, wewe unajua kupita. Sikujua kupita. Ni watoto yake hakutaka wapite." Anamgeukia mwandishi. "Lakini tulikuwa tunakula ku sahani moja. Hiyo nayo iko kweli. Uandike."

Wasichana wa namna hiyo Kindu iliwapa jina: watoto wa nyumba. Jina tamu. Mtoto wa nyumba hana mkataba, kwani nani humwandikia mtoto wake mkataba? Hana likizo, kwani mtoto hupumzika kwao? Vita vilikwisha, Mwanvua akawa mtu mzima, akapata mtoto, akapanga chumba Alunguli. Mama Espérance alipofariki, alihamia jikoni kwa binti yake, Mama Germaine, muuza vitenge sokoni. Siku hizi analipwa, ingawa mshahara wa mwezi haufiki bei ya gunia la mchele. Jina halikubadilika.

Miaka miwili iliyopita, yeye na wenzake walichoka kumngoja Papa Mwaka-Huu. Wakaunda kikundi, wakakubaliana kwenda wenyewe kwa matajiri wao. Mwanzo ulikuwa mbaya. Walichapisha nakala za mkataba na kila mmoja akaweka ya kwake mezani, karibu na chai ya asubuhi. Mjini Kindu, karatasi yenye maandishi ya Kifaransa na nembo juu yake maana yake ni moja: umeitwa mahakamani. Wiki hiyo wanawake wawili walifukuzwa kazi, na baba mmoja mwenye nyumba alikimbilia kwa wakili.

Aliyewaokoa ni Mama Émilienne, mpishi wa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alisema wamekosea njia. Kitu kikubwa hakiombwi kwa karatasi. Kinaombwa jinsi mke anavyoombwa: kwa wajumbe, kwa adabu, na kwa kuku.

Tangu hapo wanakwenda kuposa siku ya mapumziko. Wanapiga hodi alasiri, majirani wakiwa nje. Wanaleta jogoo na mchele kidogo. Msemaji anasifu nyumba, anasifu watoto, anazunguka mpaka anafika kwenye ombi lenyewe. Mfanyakazi anayeombewa anakaa chini na kuinamisha kichwa. Hasemi neno, kama mwari. Mwenye nyumba akipokea jogoo, amekubali, na mashahidi wamesikia.

"Kukataa kartasi iko rahisi," anaeleza Mama Émilienne. "Unaipasua. Lakini kufukuza wageni wenye kuku, jirani wote wanaangalia? Utaishi wapi kisha pale?"

Nyumba kumi na moja zimekwisha kupokea jogoo. Katika nyingi msemaji alikuwa Mwanvua mwenyewe, na wenzake wanasema hana mpinzani. Ila kulikuwa na nyumba moja ambako hakuwahi kuwapeleka, na wote waliijua.

"Niliogopa," anasema wazi. "Germaine akikasirika, napoteza kazi. Nikipoteza kazi, Sharifa anatoka shule. Na tena, Germaine tumekomaa naye. Nilikuwa namubeba ku mugongo."

Jumapili iliyopita aliacha kuogopa, au alichoka kuogopa. Saa tisa alasiri Mama Émilienne alipiga hodi kwa Mama Germaine. Nyuma yake alikuja Hamadi, mlinzi wa usiku na mwanakikundi, amembana jogoo kwapani. Mwandishi wa makala haya alikaribishwa kama shahidi. Mwanvua alitoka jikoni, akafuta mikono, akakaa sakafuni na kuinamisha kichwa.

Mama Germaine aliangalia kuku, akaangalia wageni, akapasuka kicheko. "Mwanvua anaolewa? Mbona hakuniambia?"

Mama Émilienne alianza. Alisifu pazia. Alisifu watoto. Aliposema neno Ijumaa, kicheko kilikatika.

"Huyu si mutumishi," Mama Germaine alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Huyu iko mutoto ya nyumba. Anakula tunachokula. Munakuja kumuombea kwa nani? Ndugu yake njo sisi."

"Kama ndugu yake njo ninyi, Mama," Hamadi alijibu taratibu, "basi uje ukae upande wetu. Tumuombee pamoja."

Majirani waliokuwa dirishani walicheka. Mama Germaine hakucheka. Tumtendee haki: duka lake sokoni linafunguliwa saa mbili, mumewe husafiri, watoto ni wanne. "Ijumaa nani atapika?" aliuliza, na halikuwa swali la mtu mbaya. Alifikiri kidogo, kisha akatoa alichoweza kutoa. Mwanvua apike chakula cha mchana, aoshe vyombo, halafu aende zake.

Mama Émilienne alivuta pumzi. Nusu siku si haba. Nyumba tatu kati ya zile kumi na moja zilianza hivyohivyo. Akamfanyia Hamadi ishara alete jogoo.

Hapo mwari akainua kichwa.

"Hapana, dada," Mwanvua alisema. "Si kisha vyombo. Kutoka asubuhi mpaka asubuhi ingine."

Mama Émilienne alimkanyaga mguu kwa siri. Haikusaidia.

"Ile siku ya matanga ya mama, nilikaa ku mukeka pamoja na ninyi. Nilifunga kitambaa ku kichwa kama ninyi. Shangazi yenu akaniuliza, nani anachunga majiko? Akasema mimi niko mutu ya kazi, nisimame. Sikubisha, dada. Nilisimama." Akaendelea. "Basi leo sikuje kama mutoto. Nimekuja kama mutu ya kazi. Munipatie siku ya mutu ya kazi."

Ilikuwa mwaka 2016. Mama Espérance alikuwa amelazwa sebuleni, na binti zake wameketi chini kumzunguka, kama ilivyo desturi. Mwanvua aliketi nao kwa sababu hakuna siku aliyowaza kwamba mahali pake ni pengine. Aliinuliwa mbele ya mtaa mzima, akaenda kuwapikia waombolezaji mpaka matanga yalipovunjwa.

"Nililia ku jiko," aliniambia baadaye. "Watu walizani ni moshi."

Mama Germaine alifungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya. Alipoongea hakumtazama Mwanvua.

"Nilikuwa pale ku mukeka," alisema. "Nilimusikia shangazi. Sikusema kitu."

Mama Émilienne, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, alikuwa anafuta macho kwa pembe ya khanga.

"Muache kuku," Mama Germaine alisema hatimaye. Halafu, akiinuka, akamnyooshea Mwanvua kidole. "Lakini nyumba yangu ikiharibika Ijumaa, tutaonana Jumamosi."

Nyumba ya kumi na mbili. Njiani kurudi mtoni Hamadi alikuwa anapiga miluzi. Mama Émilienne alimgombeza Mwanvua kwa kuvunja desturi, kisha akamkumbatia katikati ya barabara mpaka pikipiki zikapiga honi.

Zéphirin ameisikia habari hiyo na anaifurahia, ila anatia onyo. Jogoo si sheria. Mwenye nyumba anaweza kugeuza maneno kesho, na hakuna hakimu atakayemwita kuku atoe ushahidi. Nyumba kumi na mbili ni nyumba kumi na mbili. Mji umejaa majiko.

Mwanvua analijua hilo kuliko yeye. Mpango wake ni kwamba ifikapo mwisho wa mwaka kikundi kiwe kimefika mtaa wa Mikelenge, na kuna wasichana wa Kibombo ambao wameomba kufundishwa namna ya kuposa. Zéphirin anakwenda Kinshasa kwenye mkutano wa chama, na Mwanvua amempa ujumbe.

"Awaambie hivi: sisi tumeanza. Hatuwangoji tena ili tuanze. Lakini tunawangoja, maana sitaki Sharifa siku moja abebe kuku kwenda kuomba kitu chenye ulimwengu ulishamupatia. Waweke saini. Kalamu haina uzito ya ndoo ya maji."

Ijumaa, saa nne asubuhi, tunamkuta Alunguli, mbele ya chumba chake. Ameamka saa ileile ya mtumbwi, anakiri, akavaa nguo za kazi, akakumbuka, akazivua. Sasa amenyoosha miguu juani. Pembeni sufuria ya maharagwe inachemka. Ni chakula cha mchana cha kwanza anachopika nyumbani kwake, na Sharifa akitoka shule atakikuta cha moto.

Simu inalia juu ya kiti. Mwanvua anainama, anasoma jina: Germaine. Anaiacha ilie mpaka inyamaze. Haichukui muda, inalia tena, na safari hii mkono wake unaanza kwenda, kisha unarudi mapajani.

Namwuliza kama haogopi kufukuzwa.

"Naogopa," anasema, na anafunua sufuria kuonja chumvi. "Akitaka kunifukuza, anifukuze kesho. Leo sifanye kazi kwake."