Daftari la Mazoezi ya Neema

Nilikosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nilimsaliti mwanangu kwa mwandiko mzuri!

Neema ana miaka mitatu, na mikono yake imekaza tangu azaliwe. Kila baada ya wiki mbili alikuwa akija dada wa mazoezi, mtaalamu anayezunguka vijijini huku kwetu Newala kuwafundisha wazazi wa watoto kama yeye. Mpini wa kijiko aliuzungushia mpira wa baiskeli ili uwe mnene, ushikike. Akatuonyesha namna ya kumfungua vidole taratibu, kisha mtoto aokote magunzi kutoka kwenye ndoo, moja moja. Asubuhi na jioni. Na kila siku tuandike daftarini.

Mke wangu alipokwenda Masasi kumwuguza mama yake, aliniachia vyote viwili, mtoto na daftari.

"Baba Neema, wewe msomi. Sina wasiwasi."

Msomi! Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Asubuhi nilimwacha Neema kwa dada yangu, nikaenda shambani. Jioni nilirudi hoi. Mazoezi? Kesho. Lakini daftari halikukosa chakula hata siku moja! "Leo kidole gumba kimefunguka bila kilio." "Leo kaokota magunzi matano, la sita akalitupa, akanicheka." Nilitunga, jamani, mpaka nikajipenda! Kurasa nikazipiga picha, nikamtumia mama yake. Akajibu kwamba analia kwa furaha.

Dada wa mazoezi alikuja Neema amelala.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba. Usimwamshe, kachoka na magunzi."

Akasoma, akatabasamu. "Wazazi wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekaa nyumbani nikasuka ukili wa mikeka." Akasema Neema sasa ataonwa baada ya miezi mitatu, nafasi yake apewe mtoto mwenye hali ngumu zaidi. Nami nikaitikia!

Mke wangu aliporudi hakunywa hata maji. Alimpa Neema kile kijiko. Mkono ukabaki ngumi, umekaza kuliko alivyouacha. Akajaribu tena. Neema akalia.

Akafungua daftari, akanisogezea.

"Baba Neema, huyu uliyemwandika humu ni mtoto wa nani?"

Mimi huyo, nikaanza kumlaumu dada wa mazoezi, eti katutupa!

"Katutupa? Umemfukuza wewe, kwa kalamu."

Nilimpigia simu dada wa mazoezi, nikakiri. "Nilikuamini, baba," akasema. Nafasi ilikwisha kuchukuliwa.

Sasa mazoezi nafanya mimi, daftari anaandika mke wangu. Haniamini na kalamu, na ana haki. Jana kaandika: "Kashika kijiko, kakiangusha. Baba yake alikuwepo."

Nanyi wenye watoto wa mazoezi, siku mliyolala, andikeni mmelala! Mtaalamu atawagombeza, kisha atarudi. Wetu mimi nilimfurahisha. Hajarudi mpaka leo.