Kitaliano cha Eda

Harufu ya bajia za kunde zikikaangwa hainipiti hivi hivi. Hata leo nikikatiza vichochoro vya mtaa wa Kuze alasiri, hunisimamisha njiani, nikamkumbuka Khalati Zuhura na Kitaliano chake.

Nilikuwa darasa la tatu baba alipofariki. Mama akakaa eda: hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Jina la baba nalo likawa halitajwi nyumbani. Mama akilisikia tu, hukabwa na kilio, basi sote tukanyamaza. Nikaingiwa na hofu nisiyomwambia mtu: sauti ya baba ilikuwa imeanza kunitoka.

Khalati, mdogo wake mama, kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni wa Kitaliano huku Mji wa Kale. Aliona dadake ataugua kwa mawazo, akaazimia kumfundisha lugha. Kila alasiri bajia zikiiva, somo huanza, nami pembeni nachambua mchele. Majirani walinong'ona kuwa hawajapata kuona eda ya namna hii, lakini bajia walizila.

Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofika vitenzi vya wakati uliopita, vya yale mtu aliyokuwa na mazoea ya kuyafanya. Khalati akataka mifano. Mama akainamisha kichwa.

"Haya, dada, nambia," Khalati akasema taratibu. "Marehemu alikuwa akifanyani?"

"Cantava," mama akasema. "Alikuwa akiimba akinyoa ndevu."

Tangu hapo hakushikika. Rideva: alikuwa akicheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe. Mangiava: alikuwa akila embe bichi kwa pilipili hadi machozi yamtoke. Neno moja lilinifanya niuache mchele: aspettava. Alikuwa akingoja nje ya madrasa anisikilize nikisoma, kisha akiwahi nyumbani kwa njia nyingine nisimwone. Sikuwa na habari! Nililia, mama akalia, na kilio kile kilikuwa na raha yake.

Kwa miaka mingi nilimshukuru Khalati kwa kumponya mama. Nilipopata watoto wangu ndipo likanijia jambo jingine. Kila sentensi mama aliisema kwa Kitaliano, kisha akairudia kwa Kiswahili, polepole. Khalati hakuwa na haja ya kutafsiriwa. Mwenye haja, katika chumba kile, nilikuwa mimi.