Kamera Nyepesi ya Safari

Kamera yangu ya kwanza niliichagua kwa macho, kama watu wanavyochagua viatu vya harusi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Singida mjini, ambayo utotoni tuliyajua kwa foleni za sabuni, yalikuwa yamejaa redio, saa za mkononi na mitumba ya kila namna. Nilikuwa nimejifunza kazi kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko, na sasa nilitaka kuwa mpiga picha wa kutembea, wa kuwafuata watu vijijini na machimboni. Mzee akaniwekea kamera mbili mezani nichague. Moja ilikuwa ya chuma, kuukuu, nzito, isiyotumia betri wala kuwa na flashi. Nyingine ilikuwa mpya, ya plastiki, nyepesi, na flashi yake humohumo.

"Chukua ya chuma," akaniambia.

"Mzee wangu, hii si itanivunja shingo? Mimi ni mtu wa safari."

"Ndiyo maana nakwambia. Huko unakokwenda betri utazipata wapi? Hii inataka jua tu, na jua Singida halijawahi kutuishia."

Nilicheka. Nilikuwa na kichwa kigumu, tena nilidhani anataka kunibandika mali iliyomdodea. Nikachukua ya plastiki.

Machimbo ya dhahabu ya Sekenke yalinivimbisha kichwa zaidi. Wachimbaji wadogo walitaka kupigwa picha wamesimama mdomoni mwa shimo, nyundo begani, mchana kweupe, na lazima flashi iwake. Isipowaka, kwao hiyo haikuwa picha, ilikuwa utapeli. Basi nikawawashia. Betri za akiba zikaisha, na zilizokuwa ndani ya kamera zikaanza kuchoka, wala sikujali. Kutoka hapo nilipanda mlima kwenda nyumbani, kwa sababu mama alikuwa amenitumia ujumbe kwamba dada amerudi.

Dada huyo ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Alikuwa ameolewa Itigi. Mumewe alikufa kwa ugonjwa ambao siku zile haukutajwa jina, na yeye akarudishwa kwetu akiwa nao uleule, pamoja na binti yake ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Nilimkuta amelala chumba cha ndani cha tembe yetu, gizani, maana mama hakutaka majirani wamwone. "Wanakuja kumhesabu mifupa," mama alisema. Nilimwamkia dada, nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Kesho yake asubuhi dada aliniita. Alikuwa na ombi moja.

"Mdogo wangu, nipige picha na huyu mtoto. Hata moja inatosha. Asije akakua anaambiwa alikuwa na mama, halafu hana pa kumwona."

"Nitakupiga hata kumi, dada."

"Basi nibebe unitoe nje. Nikae pale ukutani, kwenye jua."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama kwa namna ambayo niliielewa: nje majirani wangemwona. Ningeweza kubishana naye. Ningeweza kumwambia majirani waende zao. Lakini nilikuwa na jibu rahisi zaidi, tena la kujivunia.

"Hakuna haja ya kutoka, dada. Hii kamera ina taa yake."

Nikabonyeza, flashi haikuwaka. Nikakimbia dukani. Palikuwa na betri kubwa za redio tu, ndogo hakuna. Basi nikafanya kile ambacho kila nyumba yenye redio kwetu ilikifanya: betri zikiisha unazianika juani zipate nguvu, ili jioni usikose taarifa ya habari. Nikapanda juu ya paa bapa la udongo la tembe nikazipanga, asubuhi yote nikawa nazigeuzageuza. Chini yangu dada alikuwa amevishwa gauni lake la kanisani na kufungwa kitambaa, anangoja. Mara mbili nilimsikia akimuuliza mama kama bado. Betri nilizianika juani, na dada yangu nikamwacha gizani. Hilo nikilifikiria hata leo napandwa na hasira, natamani kujizaba vibao.

Mchana nikazirudisha. Kitaa chekundu cha flashi kilichelewa, kisha kikawaka. Dada aliegemea ukuta mlemle chumbani, mtoto akakaa mbele kwenye magoti yake. Nikapiga, na flashi ikamulika, hafifu, lakini ikamulika, nami nikaona inatosha. Nikapiga ya pili, ya tatu na ya nne. Kila mara dada alitabasamu, na kila mara tabasamu lile lilimmaliza nguvu.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka vizuri sana, dada."

Nilisema hivyo bila hata kusita.

Ndani ya kamera mkanda ulikuwa haujaisha, na sisi wapiga picha wa kutembea tulikuwa na sheria yetu: mkanda haupelekwi kusafishwa mpaka uishe. Kupoteza bure picha kumi zilizobaki ilikuwa dhambi. Nikashuka tena Sekenke, nikapata betri mpya, nikaumalizia kwa wachimbaji. Nilikuwa bado hukohuko nilipofuatwa nikamzike dada.

Baada ya matanga nikaupeleka mkanda mjini. Wachimbaji walitoka wote, na meno yao na nyundo zao. Za dada zilikuwa nyeusi, tatu nyeusi tii. Katika ile ya kwanza alionekana mtoto, nusu uso, na kiunoni mwake mkono mmoja mwembamba umemshika asianguke. Nyuma ya mkono hapakuwa na kitu. Mzee wa studio aliitazama, akanirudishia, hakutaja habari ya kamera. Ningefurahi kama angenitukana.

Mtoto alilelewa na mama yangu, na sasa ni mwanamke mzima. Picha anayo, ameitia kwenye plastiki. Wiki moja kabla ya harusi yake alikuja kwangu nayo, akaniamkia, akakaa kitako.

"Mjomba, hii ilipigwa usiku?"

"Mchana."

"Na jua lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Sasa mbona hamkumtoa nje?"

Mama yangu alikuwa ameshakufa. Hakuna mwingine aliyesikia ombi lile, na nilikuwa nimekaa na jibu lake miaka yote hiyo. Nikafungua mdomo, nikamwambia mama yake alikuwa mgonjwa mno, na mwenyewe hakupenda kutoka.

"Kumbe mwenyewe hakutaka," akasema.

Akairudisha picha mkobani. Sikumsahihisha.