Nilichotumwa Kuona Marseille

Kabla ya kufunga mlango kwenda uwanja wa ndege, nilipita nyumba nzima nikichomoa vitu ukutani. Birika, televisheni, redio, taa ya mezani. Hata friji niliichomoa, na ndani mlikuwa na maziwa na samaki. Mtu asiyezoea safari huamini kwamba akigeuza mgongo tu, nyumba itaungua kwa hasira ya kuachwa. Chaja ya simu nayo niliichomoa, nikauzungusha waya wake vizuri, nikaiweka juu ya meza ya jikoni nisije nikaisahau. Nikaisahau.

Safari yenyewe haikuwa wazo langu. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na likizo zangu huwa nazimalizia kwenye kochi langu hapa Tottenham, London, dirisha wazi kidogo ili niwasikie wenzangu wakihangaika. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula, alichoka kunikuta pale pale. Akanikatia tiketi ya Marseille, kulala siku mbili na kurudi. Nilipouliza kwa nini Marseille, alisema ni mji wa bandari, na mimi si mtu wa Mombasa? Ni kweli nimezaliwa Mombasa. Lakini bandari niliisomea darasani, na hata siku darasa zima lilipopelekwa kuitembelea, mimi nilisema tumbo linaniuma.

Basi nikafanya kosa lingine: nikamwambia jirani. Huyu ni mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, mlango wake unatazamana na wangu. Mtu akisema anasafiri hupewa mzigo, hilo nililijua, na nilikuwa nimeshaacha nafasi ndani ya begi. Jioni akaja na kitenge kilichokunjwa vizuri.

"Papa, yaya wangu iko kule kule Marseille!"

Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea jirani yangu baada ya mama yao kufariki. Walipokimbia nyumbani kila mmoja akatokea nchi yake, na tangu hapo hawajaonana. Jirani yangu hawezi kumfuata, kwa sababu kesi yake ya karatasi za ukimbizi bado iko Croydon, kwa watu wa uhamiaji, na akivuka mpaka kabla haijaamuliwa, kesi imekufa.

"Kila siku anasemaka niko muzuri, niko muzuri," aliniambia. "Nikimuambia afungue kamera, anasema simu ni mubaya. Tangu Krismasi simu ni mubaya? Miye naona ananificha kitu. Umuangalie na macho yako, papa, toka kichwa mpaka miguu. Na unipigie picha."

"Nitakuletea picha mpaka uchoke," nikamjibu. Maneno yangu mwenyewe hayo.

Picha nilipiga, hilo hakuna wa kunisuta. Bandari ya kale ya Marseille imekaa katikati ya mji kama sinia lililoandaliwa, mashua nyeupe zimejipanga pande tatu, na mlangoni pa maji ngome mbili zinatazamana kama wazee waliokosana zamani wakasahau sababu. Nikapiga mashua. Asubuhi wavuvi huuza samaki pale pale ukingoni, wengine bado wanatapatapa. Nikapiga samaki. Karibu hapo kuna paa kubwa la kioo lililosimama kwenye nguzo. Ukitazama juu unajiona kichwa chini, miguu juu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba upara wangu umefika mbali kuliko nilivyokuwa nikiarifiwa. Nikaupiga nao.

Halafu kuna kanisa juu ya kilima, lenye sanamu ya Maria ya rangi ya dhahabu inayoonekana kila upande wa mji. Niliipanda ile njia kwa miguu kwa sababu sikujua kama kuna basi. Ndani, meli ndogo ndogo za kuchonga zinaning'inia darini, zawadi za mabaharia waliookoka baharini. Zilinipendeza. Nikapiga moja, nikapiga nyingine, nikazipiga zote. Nilipokuwa nashuka kilima simu ikalia mara moja, ikazima.

Hotelini walikuwa na kikapu kizima cha chaja zilizosahauliwa na wageni, lakini simu yangu ni ya zamani na tundu lake hakuna aliyelitambua. Mhudumu aliigeuza mkononi kama sarafu ya mfalme aliyekufa. Nikaamua nitakwenda hivyo hivyo. Anwani, bahati nzuri, nilikuwa nimeiandika kiganjani kwa kalamu.

Dada wa jirani yangu anakaa upande wa kaskazini wa mji, kwenye maghorofa ambayo ungeyahamishia Tottenham usiku mmoja, asubuhi watu wangeyapita bila kugeuka. Ndani ya basi wazee wawili walikuwa wakizungumza Kingazija. Wangazija wamejaa Marseille. Sikuelewa yote, ila nilielewa kwamba wanamsengenya mke wa mtu, na kwamba mimi sipaswi kuelewa. Nilipowaonyesha kiganja changu, mmoja wao akashuka nami mpaka mlangoni, akaondoka kabla sijamshukuru vizuri.

Alifungua binti wa huyo dada, mwanamke mtu mzima mwenye watoto wake. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Hakuinuka. Nikasogea, nikainama, nikamkabidhi kitenge kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Akakipokea kwa mkono wa kushoto.

Nakiri nilikereka. Nimetoka London na mzigo wa watu, nimepanda basi nisilolijua, halafu napokewa kwa kushoto? Nilikuwa nishaanza kutunga namna nitakavyoisimulia dharau hii nyumbani, ndipo nikauona mkono wa kulia. Ulikuwa umelazwa mapajani, umetulia kama kitu alichopewa amshikie mtu. Na alipozungumza, mdomo ulikwenda upande mmoja.

"Ni kiharusi," akasema kabla sijauliza. "Ilinipata Krismasi. Mukono imelala, muguu inajaribu."

Nikamweleza kwamba nilitumwa picha, ila simu yangu imezima.

Akacheka, kwa mara ya kwanza. "Mungu ni mwema! Sikia, papa. Usimuambie mudogo wangu. Huyu namujua, nilimulea. Akisikia, ataacha karatasi yake kule, atapanda hata lori aje. Halafu tutakuwa bawili wa kuhurumiwa."

Nikaahidi. Alikuwa na haki, naona hivyo hata leo. Pia chakula kilikuwa kimeshaletwa mezani, na si rahisi kubishana na mtu aliyekuandalia sombe, kisamvu cha kwao. Tulikula, tukazungumza habari za baridi ya London, na nikamsifia mji wake kana kwamba yeye ndiye aliyeujenga. Wakati wa kuagana alinipa salamu nyingi na ule mkono wa kushoto, na safari hii niliushika kwa miwili.

Ndani ya ndege nilikuwa nikijifunza uongo wangu kama mwanafunzi wa kidato cha nne usiku wa mtihani: mzima, mchangamfu, amenenepa kidogo.

Jirani alinisikia nikipanda ngazi. Akanivuta kwake hata sijafungua mlango wangu, jambo lililoniokoa, maana friji ilikuwa imeanza kunuka mpaka ukumbini. Akanitilia chai. Chaja yake iliikubali simu yangu, na baada ya muda alikuwa akitelezesha kidole kwenye kioo. Mashua. Samaki. Upara. Kanisa. Meli ndogo, meli ndogo, meli ndogo.

"Yaya iko wapi?"

"Simu ilizima kabla sijafika, mama. Nisamehe."

"Sasa uniambie na kinywa. Iko namna gani?"

"Mzima. Mchangamfu. Amenenepa kidogo."

Akanitazama. Nikanywa chai, nikaona niuongezee uongo ule ukweli mmoja usio na madhara.

"Na tumekula, hapo usiseme! Sombe, samaki, na ugali laini, hauna hata donge. Yule binti yake anajua kusonga."

Akaiweka simu mezani, kioo chini.

"Binti ndiye alisonga?"

"Ndiyo."

"Na yaya?"

"Alikuwa amekaa."

"Mugeni wangu anafika kwa yaya, anatoka kwangu miye, na yaya anakaa? Yule mama hajawahi kuachia mutu bugali ya mugeni. Hata siku ya kilio ya mama yetu alisonga yeye."

"Labda alikuwa amechoka, mama."

"Papa. Ni mukono ao ni muguu?"

Nilitazama ndani ya kikombe. Ahadi yangu ilikuwa imesafiri salama kutoka Marseille, ikapita ukaguzi wa viwanja viwili vya ndege, ikaja kufia kwenye kochi la jirani.

"Mkono," nikasema. "Na mguu kidogo. Mdomo pia, lakini anazungumza vizuri na anacheka." Nikamwambia yote, pamoja na Krismasi, pamoja na kwamba dada yake amekataza asiambiwe, kwa hofu kwamba ataitupa kesi na kumfuata.

Hakulia. Aliutazama mlango, nami nikaogopa atalibeba begi langu, lililokuwa pale pale karibu na miguu yake, aondoke nalo. Kisha akanyoosha mkono, akaipita simu yangu, akachukua yake.

"Kudanganya haujui, papa, na picha zako ni za mutoto. Maliza chai uende kwako. Siendi fasi yoyote, sina wazimu. Lakini leo yaya atafungua kamera."